Malengo ya shule ndogo ya msingi: yanaandikwa Septemba, nani anayahesabu kabla ya Julai?

#1 DirektaWaKatuba

Jambo yenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Naongoza shule ndogo ya msingi hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Madarasa sita, walimu sita, basi. Ni shule ya kanisa iliyo chini ya mkataba na serikali, kwa hiyo karatasi zinadaiwa pande mbili. Kila mwanzo wa mwaka tunaandika mpango wa shule. Juzi nilifungua kabati nikasoma mipango ya miaka ya nyuma. Maneno ni yale yale: kuinua kiwango cha masomo, kuimarisha nidhamu, kuhamasisha wazazi, kupata 100% kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Muhuri, sahihi, kabatini. Sikuona ukurasa hata mmoja unaoonyesha kwamba kati ya Septemba na Julai kuna mtu aliyerudi kuangalia tulifika wapi.

Mwaka huu nimewaambia walimu tuchague matatu tu, na kila lengo liwe na mtu wa kulihesabu na siku ya kulihesabu. Tumefika hapa:

1. Kila mtoto wa darasa la pili, mwaka ukiisha, asome hadithi fupi ya Kiswahili na aeleze alichosoma.
2. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, shule iwe imefika kwao au imepiga simu kabla wiki haijaisha.
3. Masomo yaanze saa 7:30 za asubuhi (saa moja na nusu) kweli kweli.

Nayapeleka kwa komite ya wazazi mwisho wa mwezi. Yavunjeni sasa, msinionee haya.

#2 Chaki_Tupu

Heshima yako, Direkta. Mimi nafundisha darasa la nne, Ruashi. Tangu shule ya msingi ifanywe bure Septemba 2019, benchi ya watoto watatu inakaliwa na watano. Zile pesa za motisha walizokuwa wanatoa wazazi zimekwisha, na mimi bado niko kati ya wale wanaongojea jina lao litoke kwenye listi ya mishahara. Alasiri nauza makala (mkaa) mbele ya nyumba.

Nimesoma malengo yako mara mbili. La kwanza linamhesabu mtoto. La pili linamhesabu mzazi. La tatu linanihesabu mimi. Linalomhesabu direkta liko wapi?

#3 DirektaWaKatuba

Swali zuri, nalibeba. Siwezi kulijibu leo usiku.

#4 InspektaMstaafu

Wanangu, jambo. Nimepita mashule ya mji huu na ya vijijini kwa miaka mingi, sasa nakaa na wajukuu. Nianze na jambo ambalo Direkta hakuliweka, na amefanya vizuri kutoliweka: ile 100% ya ENAFEP.

Kwa shule ndogo asilimia ya ENAFEP haina maana kubwa, na ni hesabu tu. Tuseme mwaka jana ulikuwa na watoto 22 wa darasa la sita, wakafaulu 20. Hiyo ni karibu 91%. Mwaka huu una 21, wanafaulu 18. Umeshuka mpaka 86%. Inspekta atakuuliza nini kimeharibika, na wewe utaanza kutunga sababu. Mtoto mmoja peke yake anabeba karibu pointi tano za asilimia! Mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani, mwingine akihamia Likasi na baba yake, grafu yako imeanguka bila mwalimu yeyote kubadilisha chochote.

Kuna mabaya zaidi. Direkta anayedaiwa 100% ataipata. Wanyonge wataambiwa warudie darasa la tano ili wasiharibu, na wengine majina yao hayataingia kwenye listi ya watahiniwa. Nimeona shule zinazopigiwa makofi kila mwaka, na ukihesabu walioingia darasa la kwanza na waliofika la sita, unajiuliza wale wengine wamekwenda wapi. Hakuna anayeuliza, kwa sababu swali hilo halimo kwenye fomu.

Kwa hiyo lengo la kwanza nalikubali kwa moyo wote, ila neno "kila". Nitarudi.

#5 MamaWaBane

Jambo ba mwalimu. Miye niko muzazi tu, hapa Kenya. (Kenya ya Lubumbashi, ba-Nairobi musishituke.)

Mutoto wangu eko darasa ya tatu. Bulteni yake, ile karatasi ya pointi, iko na 64%. Siku moja nikamupa Biblia asome mustari moja, akaniangalia tu. Nikamupa kitabu yake ya masomo, anasoma mbio mbio, hakosee hata fasi moja. Nikafunika picha na mukono, akapotea. Anaangaliaka picha njo anasema maneno! Sasa ile 64% inatoka wapi?

Miye sijue mambo ya mpango. Nataka kujua kintu kimoja: mutoto anajua kusoma ao hajue? Nikiuliza mwalimu, ananijibia, "Mama, mutoto anaendelea muzuri." Anaendelea kwenda wapi?

#6 Mwalimu_wa_Pili

Mama, swali lako ndilo lengo lenyewe la Direkta, na umeliuliza kwa maneno machache kuliko yeye.

Nafundisha darasa la pili, Kamalondo. Unachokieleza nakiona kila mwaka: mwezi wa tatu watoto wameushika ukurasa kichwani kama wimbo. Ukiwageuzia kitabu juu chini wanaendelea kuimba. Na pointi za bulteni zinatokana na kunakili, imla ya maneno waliyozoea, na kazi za nyumbani walizoandikiwa na dada zao. Mwalimu hadanganyi. Anajumlisha vitu vingi, na kusoma kunapotea ndani ya jumla.

Njia yangu si ugunduzi wangu. Huko India shirika la Pratham lilianza mwaka 2005 zoezi linaloitwa ASER: mtoto mmoja mmoja, karatasi moja, anasoma kwa sauti. Jirani zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda walilichukua kuanzia 2009 kwa jina la Uwezo, wakapita nyumba kwa nyumba. Mimi nimelileta darasani, karatasi moja yenye ngazi nne:

Silabi: ma, ki, to, nya, mbu.
Maneno: mama, kiti, samaki, ng'ombe, chakula.
Mistari minne: "Mama anarudi sokoni. Amebeba unga na ndakala. Mvua inaanza kunyesha. Mtoto anakimbia kumpokea mzigo."
Hadithi ya mistari minane au tisa, yenye maswali mawili. Moja jibu lake liko kwenye mstari, lingine lazima afikiri kidogo: kwa nini mtoto amekimbia?

Naanzia kwenye mistari minne. Akiweza, nampandisha kwenye hadithi. Akishindwa, nashuka kwenye maneno, kisha silabi. Ngazi yake ni pale anaposimama imara. Wengine hata silabi hawana, nao nawaandika: ngazi sifuri.

Haichukui zaidi ya dakika tatu kwa mtoto. Watoto 50 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Usijaribu kuzimaliza siku moja, utapiga mtu. Watoto kumi kwa siku, wengine wananakili, wewe umekaa mlangoni mtoto akiwa na mgongo kwa wenzake. Wiki moja darasa lote limekwisha.

Jambo moja la lazima: matini usiyatoe kwenye kitabu cha darasa, na uwe na karatasi tatu tofauti kwa trimestri (mihula) tatu. Zikae kwa direkta. Zikikaa kwa mwalimu zitafundishwa, hata bila nia mbaya.

#7 Baba_wa_Kasapa

Samahani, niulize kwa heshima. Kwa nini Kiswahili? Kiswahili wanakizungumza nyumbani bure. Tunapeleka watoto shule wajue Kifaransa. ENAFEP inaandikwa kwa Kifaransa, sekondari ni Kifaransa, kazi ni Kifaransa. Nikisikia direkta anajivunia mtoto wa darasa la pili anayesoma Kiswahili, namhamisha mwanangu kesho yake.

#8 Chaki_Tupu

Ongeza na Kiingereza, tuko mpakani na Zambia 😄

#9 Mwalimu_wa_Pili

Baba, sikukatalii Kifaransa. Lakini angalia kinachotokea mezani. Mtoto ambaye hajaelewa kwamba alama mbili, m na a, zikiungana zinatoa silabi moja, unampa neno *beaucoup*. Herufi nane, sauti nne. Ataishika kichwani kama picha, kama alivyofanya mtoto wa Mama hapo juu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa, kwa hiyo ndiyo mahali pa kuelewa jinsi kusoma kunavyofanya kazi. Ukishaelewa, umeelewa, hujifunzi tena upya kwa lugha ya pili. Unajifunza maneno yake na ukorofi wa tahajia yake.

Na si mapenzi yangu tu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za kitaifa kuwa lugha za kufundishia, na programu yetu inaanza nazo kwenye madarasa ya chini, Kifaransa kikichukua nafasi baadaye. Shule nyingi za mjini zinajifanya hazijaisoma kwa sababu wazazi wanalipia Kifaransa.

#10 InspektaMstaafu

Baba wa Kasapa ana haki ya kuogopa, lakini dawa ya woga wake ni kuweka lengo la Kifaransa darasa la nne na kulipima vilevile, karatasi moja, mtoto mmoja mmoja. Asimtoe mtoto.

Kuna shida nyingine ya Kiswahili ambayo Mwalimu ameipita haraka. Karatasi imeandika "watoto wanakwenda". Mtoto wa Lubumbashi anasoma "batoto banaenda". Amekosa? Wapimaji wawili watatoa majibu mawili na hesabu yenu itavurugika. Mimi nilikuwa nawaambia walimu: msimkatie pointi, ameelewa, ila mrudishe kwenye neno, gusa herufi ya kwanza kwa kidole, muulize hii inasemaje. Akisema "wa", endelea. Akishindwa, alikuwa anabahatisha. Kubalianeni hilo kabla ya kuanza, walimu wote sita, kwenye kikao kimoja.

Sasa "kila". Direkta, tuseme Oktoba unapima darasa la pili, watoto 52, unakuta 6 wanasoma hadithi, 9 mistari minne, 12 maneno, 15 silabi, 10 hawana kitu. Ukimwambia mwalimu wa darasa hilo kwamba Julai wote 52 wasome hadithi, ameshajua Oktoba kwamba ameshindwa. Atafanya kama walimu wote wanavyofanya wakijua wameshindwa: atawafundisha wale 15 wa juu, kwa sababu hao wanampa furaha. Wale 10 wa chini watakaa nyuma karibu na mlango mpaka waache shule.

Andika hivi: kila mtoto apande angalau ngazi moja kila trimestri. Hapo mtoto wa sifuri anayefika silabi Desemba ni ushindi sawa na wa maneno anayefika mistari. Na mwalimu ana sababu ya kwenda nyuma karibu na mlango.

#11 DirektaWaKatuba

Hilo nimelichukua kama lilivyo. Nina swali moja: wale wa sifuri wa darasa la pili tutawapata. Lakini nikipima darasa la nne, nina hakika nitakuta wengine wa silabi. Mwalimu wa nne hana muda wa silabi, ana programu yake.

#12 InspektaMstaafu

Hapo ndipo udogo wa shule yako ni mali. Hao hao Pratham wana njia nyingine: saa moja kwa siku, watoto wa darasa la tatu mpaka la tano wanatoka kwenye madarasa yao na kukaa kwa ngazi ya kusoma. Wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, bila kujali umri. Walimu watatu, makundi matatu. Saa ikiisha kila mtu anarudi kwake. Shule yenye watoto elfu moja na zamu mbili, asubuhi na mchana, itasumbuka kuipanga. Wewe una walimu sita na ua mmoja.

Usiwape watoto wa silabi mwalimu dhaifu. Ni desturi yetu, na ni kinyume.

#13 Wa_Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Kuweni waangalifu na jambo moja: ukuta.

Kwenye shule niliyofundisha tulibandika majina yote na ngazi zake mlangoni, tukidhani ni uwazi. Wazazi wakaja na simu, wakapiga picha, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Binti mmoja wa darasa la tano aliyeandikwa "silabi" hakurudi shule. Mama yake alituambia wazi: mumemuchekesha na mtaa muzima.

Tangu hapo ukutani zinakaa hesabu tu, hakuna majina. Sifuri wangapi, silabi wangapi, kuendelea juu, kwa kila trimestri, kwa wino wa marker kwenye kartoni. Majina yako kwenye daftari la mwalimu, na mzazi anaonyeshwa mstari wa mtoto wake peke yake. Kartoni inatosha sana. Mtu yeyote akiingia anaona kundi la chini linapungua au halipungui.

#14 MamaWaBane

Njo vile! Miye sitake jirani yangu ajue mutoto wangu iko silabi. Nitamujua miye na mwalimu.

#15 Karani_wa_Apeli

Nimesoma yote nikaona lengo la pili halijaguswa na mtu. Mimi ndiye ninayejumlisha rejista za apeli (mahudhurio) shuleni kwetu, Kampemba. Niwaambie siri ya kazi hii: wastani wa mahudhurio unaficha kuliko unavyoonyesha.

Darasa la watoto 50, mahudhurio 90%. Mwisho wa mwezi direkta anafurahi. Lakini 90% inaweza kuwa ni watoto wote, kila mmoja akikosa siku mbili kwa mwezi, mafua, mvua, matanga. Au inaweza kuwa ni watoto watano wale wale ambao hawajaonekana mwezi mzima. Rejista mbili, namba moja. Darasa la kwanza kati ya hayo mawili halina shida. La pili limeshapoteza watoto watano, na kwenye ripoti yanafanana.

Kwa hiyo "siku tatu mfululizo" ni kipimo kizuri kwa sababu kinatoa jina. Tatizo ni lile linalofuata: umefika nyumbani, umeambiwa sababu, unaiandika wapi? Sisi tuna safu moja pembeni yenye alama za herufi: U ugonjwa, N hana nguo za shule au viatu, M analea mdogo wake mama akiwa sokoni, B biashara (maji ya vifuko, mikate, wakati wa maembe ndiyo usiseme), H wamehama, S amerudishwa na shule.

Hiyo S niliiongeza mwenyewe na nilitazamwa vibaya. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele, kwa sababu hana kaye (daftari), kwa sababu ya ule mchango usio na risiti ambao haukupaswa kuwepo tangu shule iwe bure. Katiba ya 2006, ibara ya 43, inasema msingi ni lazima na ni bure katika shule za serikali. Ukiijaza hiyo safu kwa uaminifu utashangaa.

#16 Chaki_Tupu

Karani, mahali ulipo nakusalimu kwa mikono miwili. S! Ndiyo niliyokuwa natafuta kwenye #2.

Direkta, fanya hivyo hivyo kwa lengo lako la tatu. Futa "saa 7:30". Hesabu saa zilizopotea, na sababu yake. Mwalimu amechelewa, andika. Lakini mwalimu ameitwa ofisini katikati ya hesabu kusaini karatasi, andika pia. Direkta ameita kikao saa 9 asubuhi na watoto wamecheza mpaka kengele, andika. Chaki imekwisha Jumanne ikaja Ijumaa. Mgeni amefika na watoto wamesimama juani kumwimbia. Mvua imepiga mabati na hakuna anayesikia, hiyo ni ya Mungu, mwandikie naye safu yake.

#17 InspektaMstaafu

Na safu ya inspekta. Nilikuwa nikifika shuleni masomo yanasimama nusu siku. Hakuna aliyethubutu kuniambia.

#18 DirektaWaKatuba

Nimekaa na walimu wangu jana baada ya masomo, tukalisoma uzi huu kwenye simu ya mwalimu wa tano. Tumebadilisha haya.

La kwanza: tunapima darasa la pili mpaka la tano, sio la pili tu. Mara tatu: Oktoba, kabla ya likizo ya Krismasi, na mwisho wa trimestri ya pili. Julai tumeiacha makusudi. Watu wamechoka, na hesabu ya Julai haimsaidii mtoto wa mwaka huo. Anayepima si mwalimu wa darasa hilo, wanabadilishana. Lengo ni la Inspekta: kila mtoto ngazi moja kwa trimestri. Mwalimu wa tano aliuliza wale wanaosoma hadithi tayari wapande wapi. Wao watapata karatasi ya Kifaransa, na hapo Baba wa Kasapa atapumua.

La pili limebaki, pamoja na herufi za Karani, S ikiwemo. Mwalimu wa kwanza alipinga. Anasema siku tatu ni nyingi kwa watoto wake, wakikosa wiki moja kwenye silabi wanarudi kama wageni. Kwa darasa lake tumeweka siku mbili.

La tatu tumelifuta kama Chaki_Tupu alivyotaka. Kuna daftari moja la saa zilizopotea, linakaa kwenye meza ya mwalimu wa sita, halikai kwangu. Nilifikiri nitapinga hilo, kisha nikaona kwamba likikaa ofisini kwangu hakuna atakayeandika jina langu.

Kila Ijumaa, dakika kumi baada ya watoto kutoka, tunasoma kwa sauti hayo mawili: nani hajaonekana, saa gani zimepotea. Dakika kumi, tumesimama. Tukikaa tutaanza kuzungumza mishahara.

#19 Chaki_Tupu

Na mishahara mzungumze siku nyingine, msiiache. Direkta, sikubishii tena, lakini ujue: mwalimu asiyelipwa atapima mtoto trimestri ya kwanza kwa moyo, ya pili kwa haya, ya tatu hatapima. Hiyo nayo ni hesabu. Andika kwenye mpango wako ni walimu wangapi kati ya sita wanalipwa na serikali, na uisome mbele ya wazazi siku hiyo hiyo unaposoma ngazi za watoto. Wasije wakadhani ni uvivu.

#20 DirektaWaKatuba

Wanne kati ya sita. Itaandikwa mstari wa kwanza.

#21 Wa_Kadutu

Kwa kikao cha wazazi, usipeleke asilimia. Sema "watoto kumi kati ya hamsini na wawili". Mzazi anaona watoto kumi mbele ya macho yake. Tena uwasomee, wengi wao hawatakuambia kwamba karatasi hawaisomi.

#22 Baba_wa_Kasapa

Nakubali nusu. Naomba jambo moja: namba za kulinganisha. Shule yetu iko wapi ukilinganisha na nchi?

#23 Mwalimu_wa_Pili

Benki ya Dunia inakadiria kwamba 97% ya watoto wa miaka 10 hapa Kongo hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mafupi. Namba hiyo inatisha kwenye semina, watu wanatikisa kichwa, chai inaletwa. Mimi Jumatatu asubuhi hainiambii nianze na mtoto gani. Daftari langu linaniambia. Ukitaka kulinganisha, linganisha darasa la pili la Oktoba hii na darasa la pili la Oktoba ijayo, shule ile ile, karatasi za ugumu ule ule. Hata hapo usishangilie kwa tofauti ya watoto wawili watatu, Inspekta ameshaeleza kwa nini.

#24 MamaWaBane

Mwalimu, miye naweza kumupima mutoto nyumbani? Ao ni kazi ya ba mwalimu tu?

#25 Mwalimu_wa_Pili

Pima, Mama. Andika mistari minne wewe mwenyewe kwa herufi kubwa, maneno ya nyumbani kwenu, kitu ambacho hajawahi kukiona kimeandikwa. Hakuna picha. Akikwama usimpige wala usimsomee haraka, mwache ahangaike kidogo, kisha gusa silabi moja moja kwa kidole. Muulize alichosoma kinasema nini. Na mwambie mwalimu wake ulichokiona, kwa upole, bila bulteni mkononi.

#26 MamaWaBane

Aksanti sana. Nitaandika mambo ya bukari na sombe, hiyo hatashindwa.

#27 Karani_wa_Apeli

Direkta, fotokopi za watoto wote hao nani analipa? Nauliza kwa sababu mipango mingi inafia hapo.

#28 DirektaWaKatuba

Hakuna fotokopi. Karatasi nne za kupimia kwa shule nzima, zimeandikwa kwa mkono na kufunikwa na plastiki ya daftari, mtoto anasoma kwenye hiyo hiyo. Matokeo yanaingia kwenye daftari la kawaida, mistari na rula. Marker moja na kartoni ya boksi la sabuni kwa ukuta. Matini ya Oktoba yameandikwa, ninayo mimi. Ya Desemba nimemwomba mwalimu wa tano ayaandike, na nimemkataza kunionyesha mapema kwa sababu na mimi nina mtoto darasa la tatu.

#29 InspektaMstaafu

Yakishaandikwa nitumie mimi, niangalie kama ugumu unalingana na ya Oktoba. Nina muda. Na ile ya Kifaransa msimpe mwalimu wa sita aiandike, ataweka *subjonctif*, ile sarufi ngumu.